Hesabuni Mikoko Iliyo Hai

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Kila mtu aliombwa apande angalau miche miwili, na lengo la siku ile lilikuwa miche milioni 100. Miezi sita baadaye, tarehe 10 Mei 2024, ikaja siku nyingine, mara hii ya kuwaomboleza waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti kwa pamoja. Nyuma ya siku hizo kuna ahadi iliyozinduliwa Desemba 2022: miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Huku pwani vuguvugu hilo limeshuka mpaka kwenye matope. Kila Julai 26, siku ya mikoko duniani, na siku nyingine nyingi za mwaka, mabasi huteremsha wanafunzi, wafanyakazi wa mabenki na maofisa kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Watu huvua viatu, hukunja suruali, huchomeka mbegu, hupigwa picha, na kabla ya magharibi idadi imeshatangazwa. Elfu tano. Elfu kumi.

Wengi wetu tunaziangalia picha hizo na kusema: hawa ndio watu wanaojitolea kwa ajili ya mazingira. Sina neno na nia yao. Ninachopinga ni hesabu. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kikundi cha kujitolea huanza mabasi yakishaondoka, na thamani ya kikundi hicho iko katika kurudi: kurudi kuangalia, kurudi kulinda, kurudi kuzibua maji, na mara nyingine kuamua kwamba mahali fulani pasipandwe kitu. Maadamu tunahesabu miche iliyochomekwa asubuhi moja, na hatuhesabu mikoko iliyo hai baada ya miaka mitatu, tutaendelea kumwaga fedha na sifa kwenye sehemu nyepesi ya kazi, huku ile nzito ikibaki mikononi mwa watu wachache wasiojulikana.

Ili hoja hii ieleweke, lazima kwanza tukubaliane kwamba neno "mikoko" linabeba miti mingi. Kenya ina aina tisa, na watu wa pwani hawajawahi kuzichanganya. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, ukifunikwa na maji kila yanapojaa. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kupinda kama matao. Hufuata muia na mkandaa, kisha mchu, ambao unaweza kuuona mbele na pia nyuma kabisa, kwenye ardhi yenye chumvi kali ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Mkomafi na msikundazi hupenda kule juu, maji matamu yanakoingia. Mpangilio huo unafuata saa ambazo kila mti unaweza kukaa ndani ya maji, aina ya tope, na kiasi cha chumvi. Tofauti ya kimo cha kiganja kimoja tu cha ardhi inaweza kuwa tofauti kati ya mche utakaoishi na mche utakaozama. Mvuvi anayejua hori lake anakisoma kimo hicho kwa macho, kwa alama ya maji kwenye shina na kwa aina ya kaa waliochimba mashimo chini.

Jambo la pili ni kwamba mkoko unajua kujipanda. Mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia mtini, ikarefuka na kuchongoka, kisha ikadondoka. Maji yakiwa yamekupwa inachomeka palepale, yakiwa yamejaa inaelea mpaka ipate pa kushika. Mahali penye miti mizazi karibu, na maji yanayopita vizuri, msitu hurudi bila mkono wa mtu. Kwa hiyo ukiona uwanja wa tope umekaa mtupu miaka kumi, swali la kwanza ni nini kinachozuia, kabla hujauliza tupande mingapi. Majibu ni mengi na hayafanani. Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi ulioifunika mizizi, miti ikakosa pumzi ikafa. Gazi, Kaunti ya Kwale, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, hata sehemu nyingine hapakubaki mti wa kuzaa. Katika delta ya Rufiji, Tanzania, mikoko ilifyekwa kupisha mashamba ya mpunga. Kwingineko tuta la barabara limeziba mkondo, au mbuzi na ngamia wanakula majani ya mchu mpaka unabaki vijiti. Kupanda ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya hiyo, yaani kukosekana kwa mbegu. Tope likiwa limezibwa maji, unaweza kupanda kila mwaka na kila mwaka ukazika.

Sasa tazama kinachotokea siku ya kampeni. Mbegu ya mkoko wenyewe ndiyo rahisi kuliko zote kuokota, haihitaji kitalu, mtoto wa miaka saba anaweza kuichomeka. Uwanja wa tope ulio mbele ya msitu, upande wa bahari, ndio usio na ugomvi wa shamba wala mifugo, na ndio unaotosha watu mia tatu kwa mpigo. Basi mbegu rahisi inapelekwa kwenye uwanja rahisi, mahali ambapo hata mlilana unajitahidi. Mawimbi huing'oa, mwani hujizungusha kwenye shina, na vigamba vidogo vya baharini, vile vinavyong'ang'ania chini ya ngalawa, huufunika mche mpaka unainama. Uharibifu haukomi kwa mche. Uwanja ule ulikuwa na kazi yake kabla hatujaja: nyasi za bahari, malisho ya ndege wanaohama, na tope ambalo akina mama huokota chaza na kombe.

Haya si ya pwani yetu peke yake. Ufilipino ilipanda mikoko kwa miongo mingi kwa fedha nyingi, na watafiti waliofuatilia walikuta kwamba inayodumu ni kati ya asilimia 10 na 20, sababu kubwa ikiwa ni aina isiyofaa mahali pasipofaa. Sri Lanka ilipanda kwa bidii baada ya tsunami ya 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikagua maeneo 23. Katika maeneo tisa hapakuwa na mche hata mmoja ulio hai. Watu waliojitolea kule walitoa jasho la kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maji yanapita wapi.

Mimi nilijifunza haya nikiwa na kikundi cha kijiji kimoja kusini mwa pwani yetu. Tulikwenda maji yakiwa yamekupwa kuhesabu miche iliyopandwa mwaka mmoja kabla na kampuni iliyokuja na fulana zake. Tulifunga kamba kwenye vigingi vinne, mita kumi kwa kumi, mmoja akiita na mmoja akiandika kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka. Kulikuwa na maneno matatu tu: hai, kafa, hakuna. Ukurasa wa kwanza ulijaa "hakuna" kutoka juu mpaka chini. "Hai" za eneo lile nilizihesabu kwa vidole. Mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza hatua chache kutoka kwetu alisimama, akamtazama kijana aliyeshika kamba, akamwambia, "Mwanangu, hapo maji hayatoki mapema. Hapo pa mlilana hapo. Mbona hamkuuliza?" Kijana akajibu, "Kweli, mama, hatukuuliza." Kisha akakiandika kile alichoambiwa, kwenye daftari lilelile, chini ya zile "hakuna."

Daftari lile kwangu lina thamani kuliko miche elfu kumi ya picha. Ndilo lililokifanya kikundi kihamishe kazi yake. Mwaka uliofuata hawakupanda mbele. Walikwenda nyuma, ambako njia ya magari ilikuwa imeziba mkondo mdogo, wakachimba kwa majembe mpaka maji ya bamvua yakaweza kuingia na kutoka. Hakuna aliyekuja kuwapiga picha, kwa kuwa mtaro wenye tope haupendezi. Miche ya mchu ikaanza kuota yenyewe pembeni ya mtaro ule, na kazi ya kikundi ikawa ni kuwaomba wenye mbuzi wapitishe mifugo njia nyingine, na kutoa nyavu kuukuu na plastiki zinazonasa kwenye miche. Kazi hizo haziwezi kufanywa na mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Zinahitaji mtu anayeijua kalenda ya maji, anayejua nani ana mbuzi wangapi, na anayeweza kuzungumza naye bila kuleta uhasama.

Wanaotetea kampeni kubwa wana hoja, na hoja yao ya kwanza naikubali karibu yote. Wanasema siku ya kitaifa inawaamsha watu. Ni kweli. Mtoto wa mjini aliyewahi kutia mguu kwenye tope la hori hawezi tena kuamini kwamba mikoko ni vichaka vya mbu. Pia siku hizo zimeleta fedha na usikivu wa wakubwa kwenye misitu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haina msemaji. Nisingependa zifutwe. Ningependa siku hiyo iwe mlango: waliokuja wapewe pia kamba na penseli, wahesabu waliyopanda wenzao mwaka uliopita, ndipo waamue kama watapanda.

Upande wa pili kuna wanaosema asili iachwe, itajitengeneza. Hawa wako karibu na ukweli kuliko tunavyotaka kukiri, maana nimekwisha kusema mkoko unajipanda. Lakini asili haiwezi kubomoa tuta la barabara wala kuzungumza na mwenye mbuzi. Kuacha kuna maana pale tu kizuizi kikishaondolewa, na kukiondoa ni kazi ya watu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: "Hata nusu ikifa, nusu iliyobaki ni faida." Ina sura ya busara, ila inasahau mambo mawili. Kwanza, inadhani vifo husambaa sawasawa, kama kwamba kila mahali nusu huishi. Sivyo mikoko inavyokufa. Mahali pakiwa pazuri hupona mingi, pakiwa pabaya hufa yote, na ile "nusu" haipo popote kwenye tope. Pili, mche uliokufa una gharama. Mbegu imeokotwa kutoka msitu ulio hai, ambako ingeweza kuota. Fedha zimekwisha. Na kikundi cha kijiji kimeshuhudia kazi yake ikifa mara mbili, mara tatu, mpaka siku ya nne ukiwaita hawaji, nao wana haki. Imani ya watu wanaojitolea ni mtaji unaopungua, na hasara hiyo sijawahi kuiona ikiandikwa kwenye ripoti yoyote.

Kuna pingamizi moja zito, nalo ndilo linaloninyima usingizi: kujitolea ni jambo la aliyeshiba. Saa nne za maji kupwa ambazo mama anazitumia kuhesabu miche ni saa zilezile za kutafuta pweza na chaza. Bahari haimpi saa nyingine siku hiyo. Tunapomwambia "jitolee," tunamwambia atoe chakula cha jioni ya leo kwa ajili ya samaki wa wajukuu wake. Ofisa anayekuja na basi siku ya kupanda analipwa mshahara wake wa siku hiyo. Mwenyeji anayemwonyesha njia hulipwa soda. Hatuwezi kuendelea kuuita mpango huu moyo wa uzalendo.

Wengine hujibu kwamba ujima ni desturi yetu, kwamba babu zetu walifanya msaragambo bila kulipwa, Wakamba wana mwethya, na Rwanda mpaka leo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kwa umuganda. Desturi hizo nazithamini. Ila tuziangalie vizuri. Aliyelima shamba la jirani alijua zamu yake itafika, na aliyechimba mfereji alikuwa na haki ya maji yake. Ilikuwa kazi ya bure kwa maana ya fedha tu. Malipo yake yalikuwa yamefungwa ndani ya kazi. Mkoko tunaowaomba watu waulinde mara nyingi hauwapi zamu yoyote.

Wangari Maathai aliliona tatizo hili mapema. Vuguvugu la Green Belt lililoanza mwaka 1977 liliwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche, na malipo yalitegemea mche ulioshika, siyo uliotiwa shimoni. Kile kiasi kilikuwa kidogo sana, lakini kiliweka jicho mahali panapostahili. Mwanamke alirudi kuuangalia mche wake kwa sababu kurudi kulikuwa na maana kwake. Inashangaza kwamba karibu miaka hamsini baadaye, katika nchi yake, bado tunatangaza miche ya siku ya kwanza.

Mfano wa karibu zaidi uko Gazi kwenyewe. Baada ya ule ukataji wa miaka ya 1970, watafiti na wanakijiji walianza kupanda upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, polepole, wakijaribu aina na mahali. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117, makubaliano ya miaka 20, na mauzo ya hewa ya ukaa, yaani malipo kwa kaboni ambayo msitu unaizuia isiingie angani, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na vifaa vya shule, kwa mambo yaliyochaguliwa na wanakijiji. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili unaolindwa usikatwe. Miche mipya ni kipande kidogo. Na ili watu wasilazimike kurudi msituni kutafuta fito na boriti, walipanda mivinje nchi kavu. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao kwenye hekta 460. Sisemi biashara ya hewa ya ukaa haina maswali. Bei yake huamuliwa mbali, na kijiji hakina sauti kwenye soko hilo. Ninachosema ni kwamba pale Gazi kujitolea kuliunganishwa na faida inayoonekana bombani, na hesabu yao ni ya mti uliosimama, kwa sababu mti uliokufa hauna cha kuuza.

Tukikubali haya, mambo kadhaa lazima yabadilike. Mfadhili anayekuja na fedha za miche elfu kumi aombwe alipie miche elfu mbili na miaka mitatu ya kuihesabu. Programu ya simu ya JazaMiti, inayorekodi miti iliyopandwa, ingefaa iwe na mahali pa kurekodi iliyokutwa hai mwaka wa pili na wa tatu, na takwimu hiyo ndiyo itangazwe siku ya taifa. Halmashauri za Tanzania, ambazo nazo zina lengo la miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka, zingepimwa vivyo hivyo. Saa za wenyeji wanaoongoza wageni zilipwe kama saa za kazi ya kitaalamu, maana kujua mpaka wa mlilana na mkoko kwa kutazama ni utaalamu.

Gumu zaidi ni la haki. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na Tanzania Bara nayo ni hifadhi ya serikali. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inaruhusu jumuiya za wananchi kuingia makubaliano na Huduma ya Misitu ya kusimamia msitu kwa pamoja, lakini vikundi vingi vidogo vinavyofanya kazi kwenye mahori havina karatasi hiyo. Wanalinda kwa miaka, kisha siku moja anatokea mtu na kibali cha kukata au hati ya kujenga hoteli, na daftari lao la penseli halina uzito mbele ya hati hiyo. Ukitaka kujua kama nchi inathamini wanaojitolea, usiangalie ni fulana ngapi zimegawiwa Julai 26. Angalia ni vikundi vingapi vimepata makubaliano yaliyosainiwa, yenye mipaka ya hori lao na haki ya kukataa.

Kile kikundi cha kusini kimeshaomba. Barua yao iko ofisini, pamoja na nakala za kurasa za daftari: tarehe, kimo cha maji, hai, kafa, hakuna, na kwenye kurasa za karibuni, upande wa mtaro, "hai" zimeanza kupanga mstari.